Shilingi ya Umma na Thamani Yake: Funzo la Nakivale

Kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini Mbarara, katika Wilaya ya Isingiro inayopakana na Tanzania, yapo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kabla Uganda haijapata uhuru wake. Wengi wa waliopokewa hapo katika miaka ile ya mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyozuka nchini mwao mwaka 1959. Baada yao wamefuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, kila kundi likifukuzwa na vita au dhiki ya kwao. Ardhi ya makazi hayo ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 185, nayo imegawanywa katika sehemu tatu za utawala, yaani Base Camp, Juru na Rubondo. Wakazi wake wamekwisha kupita laki moja, idadi inayotosha kuitwa mji popote pale katika Afrika Mashariki.

Jambo moja katika historia hiyo lafaa kuangaliwa kwa makini. Nakivale palikusudiwa pawe mahali pa muda. Mgeni angepokewa, apewe chakula, blanketi na turubali la kujikinga na mvua, kisha amani ikirejea kwao naye arejee. Lakini mahali hapo pa muda pamekwisha kudumu zaidi ya miaka 60. Watoto waliozaliwa hapo wamekuwa wazazi, na wengine wamekuwa mababu. Hata hivyo, kwa muda mrefu mali nyingi zilizonunuliwa kwa ajili ya makazi ya namna hiyo, hapa Uganda na kwingineko, zilinunuliwa kana kwamba haja yake ingekwisha mwezi ujao. Hapo ndipo linapoanzia suala la ununuzi wa mali ya umma: ununuzi wa busara na ununuzi wa hasara, na jinsi ya kuupambanua mmoja na mwingine.

Huenda askari wa jeshi aliyeko kambini Makenke, Mbarara, au askari wa polisi aliye zamu katika kituo kimoja cha Isingiro, akajiuliza suala hilo lamhusu nini. Zabuni si kazi ya maofisa wa fedha na mabwana wa ofisini? Jibu ni kwamba lamhusu mara tatu. Kwanza, yeye ni mtumiaji: sare anayoivaa, buti anazozitia mguuni, posho na maharage anayokula, petroli inayoendesha gari la doria, vyote vimenunuliwa kwa fedha za umma. Pili, yeye ni mlinzi: ghala haliwi ghala pasipo askari mlangoni. Tatu, yeye ndiye mchunguzi: fedha zikiibwa, askari ndiye anayetumwa kutafuta nyaraka na kumfikisha mshukiwa mahakamani. Hakuna raia mwingine anayekutana na suala hili katika nafasi zote hizo tatu kwa pamoja.

Yafaa basi maana ya thamani ya fedha ielezwe kwa mfano ulio wazi. Tuseme kikosi kinataka buti. Mfanyabiashara wa kwanza anauza jozi moja kwa shilingi 60,000, na buti zake hudumu miezi sita. Wa pili anauza jozi kwa shilingi 150,000, na buti zake hudumu miaka miwili. Mtu anayetazama bei ya siku ile tu atasema wa kwanza ndiye nafuu. Lakini katika miaka miwili askari mmoja atahitaji jozi nne za buti zile za kwanza, ambazo jumla yake ni shilingi 240,000. Buti za bei ya juu zimeokoa shilingi 90,000 kwa kila askari. Na kwa kikosi cha askari 700, akiba hiyo ni shilingi milioni 63. Tena hesabu hiyo haikuingiza gharama ya kusafirisha mizigo minne badala ya mmoja, wala kazi ya kutangaza zabuni mara nne, wala miguu ya askari aliyefanya doria ya usiku kwa buti zilizofunguka nyayo wakati kikosi kinasubiri mzigo mpya.

Thamani ya fedha, kwa hiyo, haipimwi kwa bei iliyoandikwa katika barua ya zabuni peke yake. Hupimwa kwa gharama yote ya kitu tangu kinaponunuliwa, kinapotunzwa na kutengenezwa, hadi kinapotupwa au kuuzwa. Na hupimwa kwa kazi ambayo kitu hicho kimeifanya. Jambo hili si nadharia ya wataalamu wa vitabu tu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika kifungu cha 163, inamwagiza Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akague mahesabu ya fedha, na tena akague kama mradi wowote wenye fedha za umma umeleta faida inayolingana na fedha hizo. Maana yake ni kwamba stakabadhi zilizo kamili hazitoshi. Daraja linaweza kuwa na stakabadhi zote, na bado likachukuliwa na mvua ya kwanza.

Turudi Nakivale, tukatazame maji. Makazi hayo yamechukua jina la ziwa lililo kando yake, na maji ya ziwa hilo husukumwa kwa mashine, yakasafishwa na kugawiwa kwa mabomba. Wageni wanapoingia kwa wingi kwa siku chache, mabomba hayawezi kuwafikia wote mara moja, na hapo hapana njia ila kuyabeba maji kwa malori. Hilo ni sawa kwa wiki kadhaa, kwa sababu mtu mwenye kiu hawezi kungoja fundi. Lakini lori la maji hula mafuta kila siku, hula magurudumu, humlipa dereva, na likikwama katika udongo mwekundu wakati wa masika, watu hawapati maji siku hiyo. Bomba na pampu vinagharimu fedha nyingi mwanzoni, kisha gharama ya kila siku hushuka sana, hasa pampu hiyo inapoendeshwa kwa nguvu ya jua. Meneja anayeendelea kukodi malori mwaka wa pili na wa tatu, huku akisema kwamba hana fedha za kutandaza mabomba, tayari anazilipa fedha za mabomba hayo, ila hayapati.

Ndivyo ilivyo pia kwa kuni. Familia elfu nyingi zinapopika kwa mafiga matatu, miti ya vilimani humalizika, udongo huteremka na mvua kuingia katika mabwawa na ziwa, na samaki hupungua. Baada ya hapo wenyeji na wageni huanza kugombana juu ya kuni na malisho, na anayeitwa kusuluhisha ugomvi huo ni askari polisi. Kwa hiyo ununuzi wa majiko yanayotumia kuni kidogo, na wa miche ya kupanda, ambao juu juu huonekana kama mambo ya akina mama na maofisa wa misitu, ni ununuzi unaopunguza kazi ya kituo cha polisi. Gharama ya mazingira haiandikwi katika stakabadhi ya muuzaji, lakini hulipwa, na mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hakuhusika katika zabuni.

Hayo ndiyo yanayoitwa siku hizi ununuzi endelevu: kununua leo kwa namna ambayo haitamwachia mtu wa kesho deni. Sheria ya Uganda sasa inautambua. Zamani, tangu mwaka 1977, zabuni kubwa za Serikali zilipitia katika Bodi Kuu ya Zabuni, ambayo ilikuwa mlango mmoja kwa nchi nzima. Mlango huo ulizidi kuwa mwembamba na foleni ikawa ndefu. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma, ikaanzishwa Mamlaka ya kuisimamia, na kila wizara, wilaya na shirika likapewa jukumu la kufanya ununuzi wake lenyewe kwa utaratibu mmoja. Sheria hiyo ikarekebishwa mwaka 2011, na tena mwaka 2021, ambapo masuala ya mazingira, afya, usalama na maslahi ya jamii yalitiliwa mkazo, pamoja na nafasi za vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Busara ya sheria hiyo ni kugawanya madaraka. Idara inayohitaji kitu ndiyo inayoeleza inachokihitaji. Kitengo cha ununuzi ndicho kinachotayarisha zabuni. Kamati ya tathmini hupima maombi ya wazabuni. Kamati ya mikataba huidhinisha. Na ofisa mwenye dhamana ya fedha, ambaye aghalabu ni katibu mkuu au mtendaji mkuu, hubeba lawama ya mwisho. Kila mmoja anapaswa kufanya kazi yake bila kuingiliwa na mwenziwe. Askari anauelewa mpango huu bila shida, kwa kuwa unafanana na mpango wa silaha: mwenye ufunguo wa ghala la silaha siye anayetia sahihi ya kutoa bunduki, na anayetia sahihi siye anayehesabu risasi zinaporudi. Mtu mmoja akishika ufunguo, daftari na kalamu, basi wizi umekwisha kupata nyumba.

Wapo wanaodai kwamba jeshi na polisi haziwezi kufuata mambo hayo, kwa kuwa siri ya taifa haitangazwi gazetini. Hoja hiyo ina ukweli wake, na sheria imeijibu. Vyombo vya ulinzi na usalama vinatakiwa kukubaliana na Mamlaka kuhusu orodha mbili za mali: orodha ya wazi na orodha ya mali zenye mipaka. Silaha na mitambo ya siri huwekwa katika orodha ya pili. Lakini maharage hayana siri. Magodoro, rangi ya kupaka majengo, misumari na sabuni, vyote hivyo havina siri ya taifa ndani yake, na anayevificha chini ya pazia la usalama anaficha kitu kingine.

Historia ya eneo hili imeonyesha jinsi pazia hilo linavyoweza kuligharimu taifa. Mwaka 1998 Uganda ilinunua kutoka Belarus helikopta za kivita aina ya Mi-24, wakati ambapo wanajeshi walikuwa katika mapambano makali. Helikopta hizo zilipofika zilionekana kuwa hazifai kuruka. Baadaye Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Julia Sebutinde, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameongoza tume iliyochunguza mambo ya polisi. Fedha zilizopotea katika ununuzi ule zilikuwa nyingi, lakini hasara kubwa zaidi haikuandikwa katika daftari lolote. Askari aliyeko msituni na kuambiwa kwamba atapata msaada wa anga, kisha asiupate, amelipa sehemu ya bei ya zabuni ile.

Jirani zetu nao wana visa vyao. Tanzania ilinunua rada ya kijeshi na ya kiraia kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza kwa bei ya pauni milioni 28, ununuzi ulioleta ubishi mkubwa mnamo mwaka 2002 kwa kuwa wataalamu wengi waliona kwamba bei hiyo ni kubwa mno kwa haja ya nchi. Baada ya uchunguzi wa miaka mingi, kampuni hiyo ilikiri mahakamani mwaka 2010 kosa la kutotunza hesabu ipasavyo, na ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya watu wa Tanzania, fedha ambazo zilielekezwa katika vitabu na madawati ya shule. Nchini Kenya, kashfa iliyofichuka mwaka 2004 na kujulikana kwa jina la Anglo Leasing ilihusu mikataba 18, mingi ikiwa ya mambo ya usalama, ikiwa ni pamoja na maabara ya polisi ya kuchunguza ushahidi. Katika visa vyote hivyo neno usalama lilitumika kama ukuta wa kuwazuia wakaguzi wasichungulie ndani.

Hata mashirika makubwa ya kimataifa hayakusalimika. Mwanzoni mwa mwaka 2018 zilitokea tuhuma nzito kuhusu huduma za wakimbizi hapa Uganda, zikiwamo tuhuma za kuongeza idadi ya wakimbizi katika madaftari. Maofisa kadhaa wa Serikali walisimamishwa kazi ili kupisha uchunguzi. Tangu Machi hadi Oktoba mwaka huo ikafanyika kazi ya kuwahakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na mboni za macho. Kabla ya kazi hiyo iliaminika kwamba nchi ilikuwa na wakimbizi wapatao milioni 1.4; baada yake waliothibitishwa walikuwa takriban milioni 1.1. Si kila jina lililoondoka katika daftari lilikuwa la wizi: wapo waliorudi makwao, na wapo walioandikwa mara mbili. Lakini chakula, sabuni na mablanketi hununuliwa kwa kufuata idadi ya vichwa. Idadi ikiwa ya uongo, hata zabuni iliyoendeshwa kwa uaminifu itanunua mali ya kupotea.

Mwishoni mwa mwaka ule ule yalitangazwa matokeo ya ukaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa juu ya kazi za Shirika lake la Kuhudumia Wakimbizi nchini Uganda katika mwaka 2017. Wakaguzi walieleza kwamba kandarasi ya kutengeneza barabara yenye thamani ya dola milioni 7.9 ilikuwa imepewa mkandarasi ambaye hakuwa na uzoefu wa kujenga barabara. Walieleza pia habari za mali zilizonunuliwa kwa maelfu, zikiwamo mablanketi, matoroli na taa za nguvu ya jua, ambazo zilikaa ghalani ilhali waliokusudiwa kuzipata wako nje wakingoja. Shirika hilo lilikubali kwamba palikuwa na kasoro na likachukua hatua za kuzirekebisha. Taa iliyofungiwa ghalani haimulikii mtu. Mama anayekwenda chooni usiku katika makazi ya wakimbizi anaihitaji taa ile kwa usalama wake. Akivamiwa gizani, taarifa inaandikwa katika kitabu cha polisi, na hapo kosa la bohari limekuwa kosa la jinai.

Kutokana na visa hivyo, mafunzo matatu yanajitokeza waziwazi.

La kwanza ni kuhesabu kabla ya kununua. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Jeshi la Uganda lenyewe lilipata somo hilo kwa njia ngumu, pale uchunguzi wa mwaka 2003 ulipohusu askari hewa, yaani majina yaliyolipwa mishahara bila ya kuwa na watu. Kila jina hewa lililipwa mshahara, na kila jina hewa huvuta pia buti, posho na kitanda. Kamanda anayetoa idadi halisi ya askari wake ameokoa fedha kabla ya ofisi ya ununuzi haijafungua bahasha hata moja.

La pili ni kupanga mapema. Wapo maofisa wanaolalamika kwamba sheria ya ununuzi inachelewesha kazi, na malalamiko yao hayakosi sababu. Zabuni ya wazi ina siku zake za kutangazwa, kutathminiwa na kusikiliza malalamiko ya walioshindwa. Lakini mara nyingi haraka inayodaiwa imetokana na usingizi. Mvua za masika hazijawahi kumshtua mkulima wa Isingiro, kwa hiyo haifai zimshtue ofisa wa bohari. Sheria imeruhusu ununuzi wa moja kwa moja pale panapokuwa na dharura ya kweli, kama vile wakimbizi elfu kadhaa kuvuka mpaka kwa usiku mmoja. Dharura ya namna hiyo ina siku chache. Dharura iliyodumu miaka 60 si dharura tena, ni maisha, nayo yanunuliwe vitu vya maisha.

Katika kupanga huko imo pia kulipa kwa wakati. Mfanyabiashara wa Mbarara aliyeiuzia taasisi ya Serikali maziwa au ndizi, kisha akangoja malipo yake mwaka mzima, ana njia mbili tu: aache kuiuzia Serikali, au apandishe bei ili kufidia riba ya mkopo aliouchukua benki. Wenye mitaji midogo hufuata njia ya kwanza, na wanaobaki katika ushindani ni wachache wenye mifuko mirefu na marafiki wakubwa. Hivyo deni lisilolipwa huipandisha bei ya zabuni ijayo, na walipa kodi hulilipa mara mbili.

La tatu ni kukagua mali inapopokewa. Zabuni inaweza kufuata kila kifungu cha sheria, kamati zote zikakaa, sahihi zote zikatiwa, kisha fedha zikapotea katika dakika kumi za mlangoni. Lori linafika jioni, mvua inanyesha, dereva ana haraka. Karatasi inasema magunia 500. Askari wa bohari amechoka, anaambiwa atie sahihi sasa na kuhesabu kesho. Akitia sahihi, magunia 40 ambayo hayakuwamo ndani ya lori yamekwisha kuwa mali ya Serikali iliyopotea mikononi mwake, naye ndiye atakayetafutwa. Akikataa, akahesabu gunia kwa gunia, akapima moja moja kwa mizani, akafungua baadhi kuona kama maharage yametoboka au unga umeota ukungu, amefanya kazi ambayo hakuna Mkaguzi Mkuu anayeweza kuifanya baada ya miezi kumi na miwili. Sahihi yake ndiyo kizuizi cha mwisho barabarani.

Ni wajibu wa wakubwa wake kumlinda. Askari wa cheo kidogo anayekataa mzigo mbovu ulioletwa na mtu mwenye jina kubwa anahitaji kujua kwamba kamanda wake atasimama nyuma yake. Kama asiyekubali kutia sahihi atahamishwa, na aliyetia sahihi atapandishwa cheo, basi somo litafika katika kila bohari la nchi kwa kasi kuliko amri yoyote iliyoandikwa. Nidhamu ya jeshi na polisi ni kutii amri halali. Kupokea magunia ambayo hayakuletwa si amri halali.

Likumbukwe pia suala la kununua vitu vya nyumbani. Tangu mwaka 2014 Uganda imekuwa na sera ya kununua bidhaa za Uganda ili kuijenga Uganda. Katika vitambaa vya sare, viwanda vya Jinja vimepata kazi kutokana na mahitaji ya vyombo vya ulinzi. Katika chakula, Isingiro ni wilaya ya ndizi mashuhuri, na eneo lote la Mbarara ni nchi ya ng'ombe na maziwa. Mahindi na maharage yanayolimwa na wenyeji, pamoja na wakimbizi waliogawiwa mashamba Nakivale, yakinunuliwa hapo hapo kwa bei ya haki, safari ya malori hupungua, mkulima hupata ada ya shule, na kijana mwenye kazi ya shamba hatafuti riziki ya usiku. Huo nao ni ulinzi. Lakini uzalendo usigeuzwe kuwa kisingizio. Kitambaa kinachopauka kwa kufuliwa mara tatu hakiwi kizuri kwa sababu kimefumwa nchini; na mwenye kiwanda cha nyumbani anaheshimiwa zaidi anapodaiwa ubora kuliko anapoonewa huruma.

Baada ya kununua kuna kutunza, jambo ambalo husahauliwa upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari la doria linalokosa mafuta ya injini kwa wakati wake hufa katika nusu ya umri wake, na huachwa uani likiota majani hadi vipuri vyake vichukuliwe kimoja kimoja. Kama halitengenezeki, sheria ina utaratibu wa kuliuza kwa mnada mapema, likiwa bado lina thamani. Hospitali nazo zina mfano mzuri: dawa zinazopitia Bohari Kuu ya Dawa ya Taifa hutiwa alama kwamba ni mali ya Serikali na haziuzwi. Alama hiyo ndogo humsaidia askari mpelelezi kuitambua dawa ya wizi katika duka la mtaani. Mali nyingine za umma nazo zastahili kutambulikana hivyo.

Ndugu wasikilizaji, haja ya mambo haya imezidi sasa kuliko zamani. Kufikia mwaka 2025 Uganda ilikuwa imepokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.8, idadi kubwa kuliko ya nchi yoyote barani Afrika, huku misaada kutoka nje ikipungua kwa kasi. Mwaka huo Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, ulilazimika kuwaondoa karibu wakimbizi milioni moja katika mgawo wake wa chakula hapa nchini. Fedha zinapopungua, shilingi inayopotea katika zabuni mbovu haitoki tena katika akiba. Hutoka moja kwa moja katika sahani ya mtoto. Na njaa ikiingia katika makazi ya watu zaidi ya laki moja, mizozo juu ya mashamba, mifugo na kuni itafuata, na askari ataitwa.

Katiba, katika kifungu chake cha 17, imehesabu kupambana na rushwa na ubadhirifu wa mali ya umma kuwa ni wajibu wa kila raia. Askari hakuvuliwa uraia alipovaa sare, ameongezewa dhamana. Wajibu huo hautimizwi kwa hotuba tu. Hutimizwa na koplo anayehesabu magunia mvuani, na sajini anayeandika kwamba buti zimefunguka nyayo kabla ya miezi mitatu ili muuzaji huyo asipewe zabuni nyingine. Hutimizwa na mpelelezi anayefuata stakabadhi hadi benki bila kujali jina lililoandikwa juu yake, na kamanda anayetoa idadi ya kweli ya watu wake. Kila mmoja wao akifanya hivyo katika zamu yake, bomba litafika Juru na Rubondo, taa zitatoka ghalani, na shilingi ya mlipa kodi itanunua kitu cha thamani ya shilingi.